Nililipwa kung'oa mti ulionisomesha

Kila mtu ana kazi moja aliyowahi kuifanya ambayo akiulizwa ukweni anaikwepa. Kuna aliyekuwa utingo wa lori la mkaa, kuna aliyeuza nguo za ndani za mtumba pale sokoni. Mimi nililipwa kuua watoto wa mti. Si mti wowote tu. Mti ule ule ambao mbao zake zilinilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne. Kama wewe huo huuiti usaliti, basi ni mtu hatari, usije ukawa shemeji yangu.

Hebu kaa kitako nikumegee.

Mimi ni mtoto wa Tanga mjini, Makorora, lakini mama yangu ni wa milimani, kule juu Amani, Usambara ya mashariki. Kama hujawahi kufika, unashuka Muheza, ile ya machungwa, halafu unatafuta gari la kupanda mlima. Safari si ndefu kwa kilomita, ni ndefu kwa kiuno. Huku chini umetota jasho, shati limeganda mgongoni, saa mbili baadaye unaomba mtu akuazime sweta. Ukungu unapita barabarani kama una shughuli zake.

Likizo zote za shule ya msingi nilipelekwa kwa bibi. Bibi alikuwa ananiita mume wangu, kama mabibi wote, ila wa kwangu alikuwa na wivu kweli. Nyuma ya jiko lake zilisimama mesopsi tatu, ndefu, zimenyooka kama walinzi wa benki. Wazee wa kule wengine wanauita huo mti mhesi, lakini jina lililozoeleka ni hilo la watu wa misitu, mesopsi. Chini ya mesopsi bibi alipanda iliki. Iliki ni kama binti wa kishua, haitaki jua. Inataka kivuli, unyevu na kubembelezwa. Kwenye shina moja pilipili manga ilikuwa imejizungushia mpaka juu, na kuichuma ilikuwa kazi yangu, maana wakati huo nilikuwa mwepesi.

Sasa, matunda ya mesopsi yakiiva yanakuwa meusi yenye uzambarau hivi, na hapo ndipo kasheshe linapoanza. Wanakuja hondohondo. Kama hujamwona hondohondo wa Usambara, mfikirie ndege mweusi mkubwa kuliko jogoo wa kisasa, mdomo kama mkono wa jembe, na dume juu ya mdomo amejibebesha kofia ya rangi ya krimu ambayo hata mtu hawezi kueleza ni ya nini. Akipita juu ya nyumba mabawa yanafoka kama treni ya makaa inapanda kilima. Akilia, ni punda aliyemeza tarumbeta. Na haji peke yake. Asubuhi saa kumi na mbili unaweza ukawahesabu thelathini, arobaini, wanagombania matunda juu ya paa la jiko, na mbegu zinadondoka kwenye bati ko, ko, ko. Usingizi kwisha.

Kisha wanakuja kima. Hao bwana ni wezi waliosomea. Wanaanza na matunda ya mesopsi kwa adabu, wanamaliza na mahindi ya bibi. Bibi alikuwa na sufuria moja bovu na mwiko, hiyo ndiyo silaha. Lakini hondohondo hakuwafukuza hata siku moja. Alisema wakipiga kelele sana mvua iko njiani. Mimi nilichoona ni kwamba Amani mvua iko njiani siku zote, kwa hiyo utabiri wao ulikuwa haukosei.

Mwaka 2014 nikiwa kidato cha tatu, shule ya binafsi ya bweni, mzee wangu akayumba kibiashara. Nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Wale mliowahi kurudishwa mnajua lile sanduku la bati linavyokuwa zito siku hiyo. Mjomba, kaka yake mama, anakaa palepale kwa bibi. Hakutoa hotuba. Akamwita fundi wa msumeno, mesopsi mbili kati ya zile tatu zikalala. Mbao zikashuka Muheza, hela ikapanda shuleni kwangu. Si mbao za kifahari, hata fundi wa vitanda atakuambia ni laini, lakini zinafaa kwa kazi nyingi za ujenzi na bei yake mtu wa kawaida anaifikia. Nilimaliza. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa mwaka 2016, divisheni foo. Mti ulitimiza wajibu wake, mimi ndiye niliyezingua.

Mjini nikawa sina ramani. Kijiweni Makorora kuna ukomo wa siku ambazo mtu anaweza kukaa kabla mama hajaanza kuosha vyombo kwa hasira. Nikapanda zangu mlimani kwa bibi. Huko nikasikia kuna mradi unatafuta vibarua vijana. Kazi: kung'oa miche. Nikauliza miche ya nini, nikaambiwa wewe njoo na panga. Sikuuliza zaidi. Shilingi 6,000 kwa siku, hujala hujanywa, lakini ni mshiko.

Siku ya kwanza Bwana Miti, hivyo ndivyo tulivyomwita ofisa aliyekuwa anatusimamia, akatukalisha kwenye gogo akatusomesha. Nakiri kwamba yale niliyoyasikia pale kwenye gogo yaliniingia kuliko miaka minne ya bailojia.

Mesopsi, akasema, si mti wa hapa. Kwao ni kule Ziwa Victoria, Bukoba na Uganda, kupitia Kongo mpaka Afrika Magharibi. Yaani tulikuwa tunang'oa Mhaya. (Ndugu zangu wa Kagera samahanini, huu ni utani.) Hata jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, limetokana na Emin Pasha, yule daktari Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, aliyezunguka sana pande za maziwa makuu hadi akauawa Kongo mwaka 1892. Wajerumani walifungua taasisi yao ya kilimo na viumbe pale Amani mwaka 1902, wakawa wanakusanya mimea ya kila kona ya dunia kuijaribu kama itakubali na kuleta faida: mipira, mikwinini, kahawa, viungo, miti ya mbao. Mesopsi ikaingia humo kama mgeni mwalikwa, na chakula ikatengewa. Baadaye sana serikali ikaipanda kwa wingi pale Kwamkoro, maana inakua upesi. Unaipanda mtoto yuko darasa la kwanza, anapomaliza sekondari ni mbao. Mimi mwenyewe ushahidi.

Tatizo, Bwana Miti akaendelea, lilikuja miaka ya 1970 na ya 1980, mashine za kuvunia mbao zilipoingia kwenye msitu wenyewe. Magogo makubwa yakatoka, mapengo yakabaki, jua likapiga mpaka chini kwenye udongo ambao haujawahi kuliona. Miti ya asili ya Usambara mingi inakua polepole kama mirathi. Mesopsi haina subira hiyo. Ikipata jua inapaa. Na mbegu zake hazingojei mtu. Hondohondo anameza tunda, anaruka nalo, anakwenda kutema mbegu au kuinya kilomita huko. Kima naye anachangia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wakaanza kupiga kelele kwamba mchezo ukiendelea hivi, msitu wote utageuka mesopsi. Na huo si msitu wa mchezo. Una mimea na viumbe ambavyo ukivikosa hapo huvipati penginepo duniani. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanapenda kuliweka dirishani, kwao ni Usambara na milima jirani. Lilikwenda Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa mkono wa Mjerumani aliyekuwa mkubwa wa wilaya hapa hapa Tanga, Baron Walter von Saint Paul Illaire. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza nchini. Na sisi, vijana kumi na mmoja wenye mapanga, tulikuwa jeshi lake kwenye kipande kimoja kidogo kilichotakiwa kirudishwe kuwa msitu wa zamani.

Basi tukaanza. Miche midogo unaing'oa kwa mkono, inatoka na mzizi wake mrefu mweupe. Iliyokomaa unaikata, na mikubwa kabisa unaibandua gome kuzunguka shina, unaiacha ife imesimama. Hiyo ya mwisho sikuipenda. Mti unakaa miezi umesimama unakutazama.

Na huku tunang'oa, hondohondo wako juu. Sikudanganyi. Siku ya tatu nimeinama nimeshika mche, mbegu ikanidondokea kwenye kofia, kop! Nikatazama juu. Jamaa ametulia kwenye tawi, anafuta mdomo. Mimi nalipwa 6,000 kung'oa, yeye anapanda bure, na yeye ana mabawa. Mwenzangu mmoja akasema, "Huyu anatutafutia ajira ya kudumu." Tukacheka mpaka Bwana Miti akaja kuuliza kuna nini.

Jioni nikamsimulia bibi. Alikuwa anaanika iliki, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo mume wangu umekuja kuniulia."

"Siyo huu wako, bibi. Ni miche ya kule msituni."

"Hiyo ya kule msituni imetoka wapi?"

Nikanyamaza. Sote wawili tulijua hondohondo wakitoka pale nyuma ya jiko wanaelekea wapi.

"Kosa lake nini?"

"Ni mgeni, bibi. Siyo wa hapa."

"Huyo Bwana Miti wenu ni mtu wa wapi?"

"Iringa."

"Amekuja lini?"

"Ana miaka mitatu sasa."

"Na yeye mng'oeni."

Kesho yake nikamfikishia Bwana Miti salamu zake. Alicheka, ni mtu mcheshi, halafu akanijibu: "Mwambie bibi shikamoo, halafu mwambie mimi sijazaa watoto elfu moja kwenye uwanja wake." Nikawa kama karani wa posta, nabeba majibu asubuhi na jioni, na kila upande ukinijibu naona una haki. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Afadhali ugomvi ambao mmoja ni mjinga.

Msomaji wa Tanga utakuwa umeshaona kichekesho. Sisi ndio wenye ule msemo wa waja leo waondoka leo, na ndio mji ambao watu wanaulizana Tanga kunani, maana mgeni akija haondoki. Mkonge wenyewe uliojenga huu mji ulikuja kwa meli. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, na hivyo 62 ndivyo vilivyoweka reli, bandari, makambi ya manamba na nusu ya makabila yaliyoko Ngamiani. Machungwa ya Muheza si ya Muheza. Chai ya Amani si ya Amani. Hata mwarobaini tunaoubandika udaktari wa magonjwa arobaini ni wa India. Ila tofauti ipo, na mtu mwaminifu lazima aiseme: mkonge unapanga mstari, unangoja upandwe. Mesopsi haikungoja.

Na bibi mwenyewe aliijua tofauti hiyo, ila hakutaka kumpa Bwana Miti raha ya kusikia. Usiku mmoja tunaota moto aliniambia jambo ambalo sikulibeba kulipeleka kwa mtu. Alisema, "Nilipoolewa hapa, nikienda kuokota kuni nilikuwa nachagua kwa majina. Hizi za kupikia maharage, hizi za wali, hizi hazitoi moshi kama kuna mtoto mchanga. Siku hizi kuni zina jina moja." Akachochea moto. Ulikuwa moto wa mesopsi.

Kitu cha pili kilichonivuruga ni tundu. Kulikuwa na mti mmoja mkubwa wa asili, mzee, umebakizwa na zile mashine labda kwa sababu una pango. Juu kule kwenye shina Bwana Miti alituonyesha ufa mwembamba, wa kupitisha mdomo tu. Ndani ya ufa alikuwamo hondohondo jike. Kumbe hawa ndege jike akitaka kutaga anaingia kwenye tundu, anaziba mlango kwa udongo ambao mumewe anamletea, anabaki nafasi ndogo ya kulishwa. Anakaa humo gizani miezi, na mayai yake, na kinda wake. Chakula chote analeta dume.

Nilikaa mchana mzima wa Jumapili, siku yangu ya mapumziko, kutazama. Dume anafika, anatua, anatikisa koo, linatokea tunda moja mdomoni. Anapitisha. Anatikisa, la pili. La tatu. Nilihesabu mpaka 19 safari moja. Na matunda yalikuwa nini? Mengi yalikuwa mesopsi. Palepale Amani, enzi za Waingereza, kulikuwa na mtaalamu wa ndege anaitwa Reginald Moreau aliyewachunguza sana ndege hawa. Na yako makadirio yanayojulikana kuhusu aina hii hii ya hondohondo: dume mmoja kwa siku 120 za ulezi alileta matunda 24,000, kwa safari 1,600 hivi. Elfu ishirini na nne! Dada zangu, mpo? Yule anayekuahidi chipsi mayai Ijumaa halafu simu haipatikani, mnamlinganishaje?

Lakini tazama huo mtego. Tundu liko kwenye mti wa zamani, chakula kinatoka kwenye mti mgeni. Mesopsi haiishi sana, na mti wenye pango la kumtosha ndege wa ukubwa ule ni mti uliokula miaka. Ukiondoa mesopsi yote kesho, huyu mama ndani ya tundu atakula nini? Ukiiacha yote, mjukuu wake atataga wapi? Nilimuuliza Bwana Miti hivyo hivyo. Alivua kofia, akajikuna, akaniambia ndiyo maana tunaanza na kipande kidogo. Kisha akaniambia kitu kingine kilichonisaidia kidogo kulala. Kwamba mesopsi ina tabia moja: mbegu zake zinaota kwa fujo chini ya mama yao, lakini kivulini hazikui, zinadumaa zinakufa. Inataka pengo. Ni kama baba mmoja wa mjini, anazaa kila mahali isipokuwa hapo anapolala. Kwa hiyo msitu usipotobolewa tena, akasema, miti yetu ina nafasi ya kupenya chini kwa chini. Wataalamu wa baadaye wengine nao wamekuwa na hofu pungufu kuliko wale wa mwanzo. Hofu haijaisha, imepungua sauti.

Kibarua kiliisha baada ya miezi miwili. Nilishuka Tanga na hela ya kununua simu, na sikujua kama niringe au nitubu.

Usidhani mjini nilipumzika na hii habari. Chumba ninachopanga, dirishani kuna mwarobaini. Usiku popo wanakuja kula matunda, wanachafua ukuta mpaka mwenye nyumba analia. Mbegu wanazitupa kila kona. Hivi ninavyoandika kuna mwarobaini umeota kwenye ufa wa msingi, mzizi umeanza kusukuma tofali. Na kunguru, wale wa shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 kwa ajili ya kula taka, wamejenga juu kabisa. Nikitoka na kipande cha mkate wananitambua. Mwenye nyumba anasema auchome moto mti mzima. Mke wake anasema auchome basi na kivuli chake anachokaa kucheza bao. Wamefika hapo, hawajaendelea.

Bibi alifariki mwaka 2021. Tulimzika juu kidogo ya shamba la iliki. Ile mesopsi ya tatu, iliyobaki, alishaiwekea wosia wa mdomo mbele ya mjomba na mama: huu ni wa mume wangu. Watu walicheka msibani, maana wanajua mume wake ni nani. Mimi sikucheka.

Mwezi uliopita mjomba akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Paa la bibi yako limekwisha. Mvua ikinyesha nakaa sebuleni na mwavuli. Nimepata mtu wa mbao, anautaka huo mti wako. Hela inatosha bati na misumari."

Nikamwambia ngoja nije.

Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa najipanga. Hoja za kuukata ninazo mimi kuliko hata mjomba. Mimi ndiye niliyesomeshwa kwenye gogo. Ni mti mgeni, unarusha mbegu hifadhini, nililipwa kung'oa watoto wake, sasa mama yao nimpe msamaha kwa sababu ya kumbukumbu? Huo ni unafiki. Isitoshe mjomba analoa. Nikafika na uamuzi mfukoni: ukatwe.

Saa kumi na mbili asubuhi, ko, ko, ko. Bati lile lile bovu. Nikatoka nje na shuka. Niliwahesabu ishirini na sita, halafu wakahama nikapoteza hesabu. Mjomba naye alitoka, akasimama pembeni yangu amekunja mikono, hakusema kitu, na mjomba ni mtu wa kusema.

Jua lilipopanda nikaingia chini ya mti, kwenye iliki, na panga. Mazoea. Nikaanza kuangalia miche. Ya mesopsi ilikuwapo, mingi, mifupi kama kidole, imedumaa kama alivyosema Bwana Miti. Lakini katikati yake nikaona mingine. Mkuyu mmoja mdogo, huo naujua. Miwili ambayo mjomba aliitaja kwa Kisambaa, na akashangaa kuiona, akasema tangu ujana wake hakuiona huku chini mashambani. Mmoja hata yeye hakuujua. Nani aliyeileta? Hakuna mtu anayekwenda kupanda miti ya msituni chini ya iliki za marehemu. Ni walewale wa juu. Wanapokuja kula mesopsi wanakuwa wameshakula kwingine, na wakitua wanatua na mzigo. Kumbe miaka yote hiyo barabara ilikuwa inapitika pande zote mbili, mimi nilikuwa nimetazama upande mmoja tu.

Nikang'oa mesopsi changa zote, bure, hakuna wa kunilipa. Ile mingine nikaizungushia vijiti. Mjomba akawa ananitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hoja yake ilikuwa moja na nzito: ndege hawamjengei paa. Mimi zangu zilikuwa nyingi na nyepesi. Mwisho akasema maneno haya, nayanukuu kama alivyoyatoa: "Paa linataka bati kumi na nne. Ukizileta kabla ya mvua za vuli, mti wako, kaa nao. Usipozileta, wa fundi. Na usiniletee gazeti, niletee bati."

Nikakubali, tukashikana mikono.

Mpaka leo nimenunua sita. Ziko chini ya kitanda changu hapa Makorora, usiku nikijigeuza zinalia. Malipo ya safu hii yatatoa moja na nusu. Mhariri, hii sehemu usiikate.